John Baskerville, Mtengenezaji wa Herufi

Ndugu msomaji, bila shaka unaikumbuka siku ya kwanza ulipoandika herufi a. Jembe ulikuwa umelizoea tangu utotoni, lakini chaki ilikuponyoka. Ulichora duara. Ukaweka kijiti upande wa kulia. Ukatazama, ukaona haifanani na ile ya mwalimu, ukafuta, ukaandika tena. Siku ile ulitambua jambo ambalo watu waliosoma tangu wadogo wamekwisha kulisahau. Herufi ina umbo lake, na umbo hilo ni kazi ya mkono.

Herufi za vitabuni nazo zilianza kwa mkono wa mtu. Unaposoma huwafikirii waliozichonga, unafuata maneno. Lakini alikuwapo mtu aliyekaa akapima: mkia wa herufi hii uwe mrefu kiasi gani, tumbo la ile liwe pana kiasi gani, mstari uwe mnene wapi na mwembamba wapi. Mmoja wa watu hao alikuwa John Baskerville, Mwingereza aliyefariki mwaka 1775. Herufi alizozitoa zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Vijana wanaosomea kazi ya chapa na uchoraji huzitumia wanapofanya zoezi la kutengeneza bango la kuonyesha herufi za zamani. Bango hilo tutalifikia. Kwanza umfahamu mwenyewe.

Kibao cha jiwe

Baskerville alizaliwa mnamo mwaka 1706 katika kijiji cha Wolverley, katikati ya Uingereza. Alipokuwa kijana alihamia Birmingham, mji usio mbali na kwao. Birmingham ulikuwa mji wa mafundi. Huko walitengeneza vifungo vya nguo, misumari, bunduki na vitu vingine vingi vya chuma, na mtu mwenye mikono mizuri hakukosa kazi.

Yeye alikuwa na mwandiko mzuri. Akawa mwalimu wa kuandika. Siku hizo kuandika vizuri ilikuwa kazi ya kumlisha mtu, kwa sababu barua zote na vitabu vyote vya hesabu za biashara viliandikwa kwa mkono. Pamoja na kufundisha, alichonga maandishi juu ya mawe ya makaburi.

Sasa fikiri. Mchonga mawe atawaonyeshaje watu kazi yake? Hawezi kubeba kaburi akazunguka nalo mjini. Baskerville alichukua kibao kidogo cha jiwe laini, akachonga juu yake tangazo fupi kwamba yeye ni mwalimu wa kuandika na kwamba anachonga mawe ya makaburi kwa mwandiko wowote. Na maneno hayo hakuyachonga kwa namna moja. Aliyachonga kwa miandiko mbalimbali, ili mteja achague kwa macho yake. Kibao hicho kimehifadhiwa mjini Birmingham mpaka sasa. Kwa maoni yangu hilo ndilo bango lake la kwanza, na kila alilofanya baadaye limekwisha kuonekana hapo. Mtu huyu aliamini kwamba herufi yenyewe ikiwa nzuri, haihitaji msemaji.

Gari lenye picha

Mwalimu wa kuandika hatajiriki. Ilipofika karibu na mwaka 1740 Baskerville aliingia katika biashara nyingine, nayo ilikuwa kupaka vyombo rangi ya vanishi ya kung'aa, kwa kuiga vyombo vilivyokuwa vikiletwa kutoka nchi za Mashariki. Alitengeneza sinia, visanduku na vitu vya mezani, vyeusi vinavyometa, vyenye maua na picha. Mwaka 1742 alipata hati ya serikali ya kulinda ugunduzi wake katika kazi hiyo ya mabati.

Fedha ziliingia kwa wingi. Akakodi eka nane za ardhi pembeni mwa mji, akajenga nyumba kubwa, akaiita Easy Hill. Akavaa nguo zenye nyuzi za dhahabu. Akajinunulia gari la kukokotwa na farasi wawili, na mbao zote za gari hilo zilikuwa zimepakwa vanishi na kuchorwa picha. Gari lilipopita barabarani kila mtu aliona kazi ya kiwanda chake. Watu wengine walimcheka kwa majivuno yake, na sina haja ya kumtetea, kwa kuwa majivuno alikuwa nayo. Lakini uone ujanja uliomo. Kama kilivyokuwa kile kibao cha jiwe, gari nalo lilikuwa tangazo.

Alipokuwa na umri wa miaka kama arobaini na mitano, tajiri, bila shida yoyote, Baskerville alianza kazi ambayo haikumpa faida hata alipokufa. Alirudi kwenye herufi.

Jinsi herufi ilivyotengenezwa

Inafaa tueleze hapa kazi yenyewe, maana bila kuifahamu hutaona kwa nini fedha zake zilikwisha.

Katika siku hizo, na kwa miaka mingi baadaye, kitabu kilipigwa chapa kwa vipande vya madini. Kila kipande kilikuwa na herufi moja kichwani. Kwanza fundi alichukua kijiti cha chuma cha pua, kifupi kuliko kidole. Kwenye ncha yake alichonga herufi kwa patasi ndogo na tupa, tena aliichonga kinyume, kama unavyoiona herufi kwenye kioo. Akaupasha moto mhuri huo na kuupoza ghafula ili uwe mgumu. Kisha akaugonga kwa nyundo juu ya kipande cha shaba. Shaba ikabaki na shimo lenye umbo la herufi. Shaba hiyo ikatiwa ndani ya kalibu, na risasi iliyoyeyushwa, ikiwa imechanganywa na madini mengine ya kuifanya iwe ngumu, ikamiminwa. Ikipoa, inatoka herufi moja. Kalibu ileile ilitumika kutoa herufi a elfu na zaidi.

Hiyo ni herufi moja. Sasa hesabu. Zipo herufi kubwa na herufi ndogo. Zipo tarakimu, nukta na mikato. Zipo herufi za mlazo, yaani zile zilizoinama. Na kila kipimo, cha maandishi makubwa au madogo, kilihitaji mihuri yake mipya tangu mwanzo. Mchonga mihuri wa Baskerville aliitwa John Handy. Baskerville alichora na kuamua, Handy alichonga. Jina la Handy halimo katika jina la herufi, lakini jasho lake limo.

Bwana William Hutton, aliyeandika historia ya mji wa Birmingham na aliyemfahamu Baskerville, alieleza kwamba zilitumika pauni 600 kabla haijapatikana herufi moja iliyomridhisha mwenyewe. Fedha hizo zilikuwa nyingi sana wakati huo. Herufi zilichongwa, zikatazamwa, zikatupwa, zikachongwa tena. Wewe uliyefuta a yako ubaoni unajua jambo hili, ila wewe ulifuta chaki, na yeye alikuwa akifuta chuma.

Naye hakuishia kwenye herufi. Aliona kwamba herufi nzuri ikipigwa kwa wino mbaya juu ya karatasi mbaya ni kazi bure. Akairekebisha mitambo yake ya chapa ili igandamize sawasawa. Akatengeneza wino wake mwenyewe, kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa na masizi laini yaliyokusanywa kwenye taa za mafundi, ukawa mweusi kuliko wino wa wengine. Karatasi za siku hizo zilikuwa na mistari ya nyaya ambazo juu yake karatasi ilitengenezwa, na mistari hiyo iliikwaruza herufi. Kwa sehemu ya kitabu chake cha kwanza Baskerville alitumia karatasi mpya, laini, isiyo na mistari, ya Bwana James Whatman. Na kurasa zilipokwisha kupigwa chapa, zilibanwa katikati ya mabamba ya moto mpaka zikang'aa. Utakumbuka kwamba huyu ndiye mtu wa sinia za vanishi. Alitaka ukurasa nao umetemete.

Kitabu cha kwanza

Mwaka 1754 alitoa karatasi ya kutangaza kitabu alichokusudia kukitoa, na karatasi hiyo ilionyesha herufi zake mpya. Watengenezaji wa herufi wote walifanya hivyo. Karatasi ya namna hiyo ilibandikwa ukutani katika kiwanda cha chapa, na mpiga chapa aliisimamia mbele, akazitazama herufi kubwa na ndogo, akaagiza alizozitaka. Maarufu kuliko zote katika Uingereza ilikuwa karatasi ya William Caslon wa London, iliyotolewa mwaka 1734. Vitabu vingi ambavyo Waingereza wa wakati huo walisoma vilipigwa kwa herufi za Caslon. Macho ya watu yalikuwa yamezizoea, kama unavyozoea sauti ya mama yako.

Kitabu cha kwanza cha Baskerville kilitoka mwaka 1757. Kilikuwa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale. Watu walistaajabu walipokifungua. Ukurasa wake wa kwanza haukuwa na maua wala mapambo, kama ilivyokuwa desturi. Ulikuwa na maneno machache kwa herufi kubwa, zimeachana kwa nafasi, na weupe mwingi kuzizunguka. Karatasi iliachwa ipumue. Leo jambo hilo twaliona la kawaida, lakini wakati ule mtu aliyelipia karatasi kwa bei kubwa alitaka aijaze.

Mwaka 1758 akatoa mashairi ya Milton, na mwishoni mwa mwaka huo Chuo Kikuu cha Cambridge kikamteua kuwa mpiga chapa wake. Baskerville alitamani sana kupiga chapa Biblia, na katika Uingereza si kila mtu aliruhusiwa kufanya hivyo. Kwa kupitia Cambridge alipata ruhusa. Masharti yalikuwa magumu: chuo kilimwekea kiasi cha nakala, na alikilipa ada. Biblia yake kubwa ilikamilika mwaka 1763, na wajuzi wengi wanaihesabu kuwa moja ya vitabu vizuri kabisa vilivyopata kupigwa chapa nchini humo. Nakala zilikuwa 1,250. Nyingi hazikununuliwa, na zilizobaki aliziuza kwa hasara kwa muuza vitabu wa London.

Jambo la ajabu ni kwamba Baskerville mwenyewe hakuwa mtu wa dini, wala hakuficha. Majirani walilisema sana jambo hilo. Lakini alipopanga maneno ya Biblia hakuyapunguzia wino wala karatasi.

Karatasi iliyochanwa jina

Wauzaji vitabu na wapiga chapa wengi hawakumpenda. Alikuwa mtu wa vanishi aliyeingilia kazi yao, tena tajiri, tena mwenye maringo. Wakasema herufi zake zina mistari myembamba mno na zinaumiza macho. Wengine wakasema zitawapofusha wasomaji wa taifa zima.

Alikuwapo London wakati huo Benjamin Franklin. Huyu ni yule Mmarekani maarufu, mwenyewe mpiga chapa kwa kazi, na baadaye mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Franklin alikuwa amefika Birmingham na kufahamiana na Baskerville, naye alikuwa mmoja wa walioagiza kile kitabu cha Virgil. Mwaka 1760 hivi alimwandikia Baskerville barua kumweleza kisa kilichotokea nyumbani kwake.

Bwana mmoja mwenye elimu alimtembelea Franklin. Katika mazungumzo akadai kwamba Baskerville atawaharibu watu macho. Franklin akajaribu kubisha, yule bwana akashikilia maneno yake. Basi Franklin akaingia chumba cha pembeni. Huko alikuwa na karatasi ya kuonyesha herufi za Caslon. Akachana sehemu ya juu yenye jina, akarudi nayo, akamwambia mgeni kwamba hizo ndizo herufi za Baskerville, na akamwomba amwonyeshe ubaya wake, maana yeye hauoni.

Mgeni akaishika karatasi. Akaanza kuonyesha herufi moja moja: hii haina uwiano, na ile pale vilevile. Akasema hawezi hata kuendelea kuisoma bila kuumwa macho. Na herufi zile, msomaji wangu, zilikuwa herufi za Caslon, ambazo huyo bwana amezisoma maisha yake yote bila kulalamika hata siku moja!

Franklin hakumwambia ukweli, ili asimwaibishe. Lakini alimwambia Baskerville. Ningependa kujua Baskerville aliipokeaje barua ile. Cheko lilikuwamo, lakini uchungu pia ulikuwamo. Maana barua ile ilithibitisha kwamba hata angechonga upya kila herufi, watu wengine wangeendelea kusoma jina lake badala ya kazi yake.

Bibi Sarah

Sijasema habari za nyumbani kwake, na haifai kuziacha.

Katika nyumba ya Easy Hill aliishi mwanamke aitwaye Sarah Eaves. Alikuwa ameolewa na mtu mwingine, akamzalia watoto, na mume huyo akamkimbia. Sarah alikuja na watoto wake kutunza nyumba ya Baskerville. Baadaye waliishi kama mume na mke, ijapokuwa hawakuweza kufunga ndoa, kwa sababu mume wa kwanza alikuwa hai na talaka ilikuwa kitu kisichopatikana kwa watu kama wao. Waweza kufikiri masengenyo ya mji. Walivumilia miaka mingi. Mwaka 1764 mume yule akafa, na kabla miezi miwili haijapita Baskerville na Sarah wakaoana kanisani.

Katika miaka hiyo Baskerville alichoka. Kazi nyingi ya chapa alimwachia Robert Martin, aliyekuwa mfanyakazi wake. Alijaribu kuuza herufi zake zote na mihuri yake nchini Ufaransa, lakini hakupata mnunuzi. Baadaye moyo ulimrudia. Mwaka 1770 akatoa kitabu kizuri cha mshairi Horace, na vingine vikafuata. Tarehe 8 Januari 1775 akafariki.

Hapo ndipo Sarah alipoonekana. Alitangaza kwamba kazi ya kumimina herufi itaendelea chini yake. Mjane huyu aliifahamu kazi kwa mikono yake. Lakini wapiga chapa wa Uingereza hawakumnunulia vya kutosha. Miaka minne baada ya kufiwa, yaani mwaka 1779, aliuza mihuri, kalibu na herufi kwa pauni 3,700 kwa Mfaransa Beaumarchais, mwandishi wa michezo ya kuigiza. Beaumarchais alitaka kupiga chapa vitabu vyote vya Voltaire, ambavyo vingi vilikatazwa Ufaransa. Kwa hiyo alijenga kiwanda ng'ambo ya mto Rhine, mahali paitwapo Kehl katika nchi ya Ujerumani, ambapo sheria ya Ufaransa haikufika. Hivyo herufi zilizokataliwa kwao zikavuka bahari, zikafanya kazi ya kupiga chapa maneno yaliyokatazwa.

Sarah alifariki mwaka 1788.

Jeneza la risasi

Baskerville alikuwa ameacha wosia kwamba asizikwe kanisani. Alitaka azikwe katika ardhi yake mwenyewe, chini ya jengo dogo lililochongoka ambalo zamani lilikuwa kinu. Ikafanyika hivyo. Lakini nyumba iliuzwa, na katika ghasia za Birmingham za mwaka 1791 iliteketezwa kwa moto. Ardhi ikachimbwa kwa ajili ya bandari ya mfereji. Mnamo mwaka 1821 wachimbaji walikuwa wamekwisha kulikuta jeneza lake, nalo lilikuwa la risasi.

Halikuzikwa upesi. Liliwekwa ghalani kwa miaka, na watu wakaja kutazama. Kisha likahamishiwa dukani kwa fundi mabomba. Makanisa hayakupenda kumpokea kwa sababu ya maneno aliyoyasema juu ya dini. Mwaka 1829 marafiki wa kumbukumbu yake wakamwingiza kimyakimya katika vyumba vya kuzikia chini ya Kanisa la Kristo. Hapo akapotea tena, mpaka mwaka 1893 alipogunduliwa. Kanisa lilipotakiwa kubomolewa, mwaka 1898 akahamishiwa makaburi ya Warstone Lane. Mtu aliyeanza maisha kwa kuchonga mawe ya makaburi alikaa zaidi ya miaka mia moja bila kutulia katika kaburi moja.

Mihuri yake nayo ilitangatanga Ufaransa, kutoka mkono hadi mkono, na watu wakasahau ilitoka wapi. Mwaka 1917 Mmarekani aitwaye Bruce Rogers, mpangaji mashuhuri wa vitabu, alikuwa Cambridge. Katika duka la vitabu akaona karatasi ya kuonyesha herufi. Akaitazama, akashtuka. Alizitambua. Akafuatilia mpaka akajua kwamba kalibu bado zipo Ufaransa. Mwaka 1923 kampuni ya Monotype ya Uingereza ikatoa herufi za Baskerville kwa mitambo mipya, zikaenea katika viwanda vya chapa vya nchi nyingi. Na mwaka 1953 Mfaransa Charles Peignot, aliyekuwa akiimiliki mihuri ya asili, aliitoa zawadi kwa kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Cambridge. Haikuuzwa tena.

Bango lenyewe

Sasa tuseme wewe ndiye umepewa karatasi kubwa nyeupe, ukaambiwa utengeneze bango la kuonyesha herufi za Baskerville. Utaweka nini?

Wengi huanza kwa kujaza. Wanaweka picha ya mwenyewe, nyumba, mitambo, maua pembeni, na herufi zote kwa vipimo vyote. Bango likikamilika, mtu aliyesimama mbali haoni kitu. Baskerville angelitupa.

Chagua herufi moja uifanye kubwa sana, iwe na urefu wa mkono. Wengi huchagua Q, kwa sababu mkia wake unafagia chini kama upindo wa kanga. Ila Kiswahili hakitumii Q, kwa hiyo ningekushauri g ndogo. Itazame g ya Baskerville. Ina tumbo dogo juu na kitanzi chini, na kitanzi hicho hakikufungwa. Kimeachwa wazi kidogo, kama mlango ulioegemezwa. Hilo ndilo alama ya kumtambua. Au chukua J kubwa, ambayo inashuka chini ya mstari; au E kubwa, ambayo mkono wake wa chini ni mrefu kuliko wa juu; au W, ambayo kilele chake cha katikati hakina kofia. Jembe, embe, wali, gunia: katika kila neno kati ya hayo unaweza kumwonyesha mtu ubingwa wa fundi.

Kisha, mbali na herufi kubwa, andika jina lake na mwaka 1757. Tenganisha herufi za jina kwa nafasi, kama alivyofanya yeye. Chini kabisa panga alfabeti nzima kwa kipimo kidogo, na mstari mmoja wa herufi za mlazo, maana za mlazo wa Baskerville zina madaha. Wino uwe mweusi hasa. Halafu acha. Nafasi nyeupe itakayobaki itakutia wasiwasi, utatamani kuiwekea kitu. Usiiwekee.

Ukimaliza, libandike ukutani, ulisimamie mbali upande wa pili wa chumba. Mwite jirani ambaye hajui habari hizi. Usimtajie jina la mtu. Muulize tu jicho lake linakwenda wapi kwanza. Akisema linakwenda kwenye kitanzi cha g, bango lako limefanya kazi.

Mwaka 1996 msanifu wa herufi anayefanya kazi Marekani, Bibi Zuzana Licko, alitengeneza herufi mpya kwa kuzifuata zile za Baskerville. Ilibidi azipe jina lingine. Akaziita Mrs Eaves, yaani Bibi Eaves, jina alilokuwa nalo Sarah katika miaka ile ambayo majirani walimsengenya. Sasa katika orodha za herufi majina yao yote mawili yamo.

Na Birmingham, mahali iliposimama nyumba ya Easy Hill, pana jengo kubwa liitwalo Baskerville House. Mbele yake, mwaka 1990, iliwekwa sanamu. Si sanamu ya mtu. Ni nguzo za mawe zenye umbo la mihuri ya kutengenezea herufi, na kila moja ina herufi yake ya shaba. Mpita njia huzitazama akashindwa kuzisoma, kwa sababu zimegeuzwa kinyume, kama John Handy alivyozichonga. Wewe uliyesoma mpaka hapa ungezisoma. Ungesimama mbele yake, ungezigeuza akilini moja baada ya nyingine, ungepata V, kisha I, R, G, I, na L.